Nililipia mbio mubashara nikapewa nusu: uzoefu wangu na wikiendi ya Interlagos

Nyota mbili. Nilianza na moja, nikaongeza ya pili kwa sababu nitakayoieleza huko chini, na huenda nikaiondoa kabla sijamaliza kuandika.

Mimi ni shabiki wa Lando Norris, dereva wa langalanga, yaani Formula 1. Nalisema mapema mtu asije akadhani naficha. Msimu ule wa 2024 nilijiunga na huduma hii ya kutazama langalanga mtandaoni kwa sababu moja tu: kijana alikuwa anamfukuzia Max Verstappen kwenye msimamo na sikutaka kuja kusimuliwa. Wiki za mwanzo sina cha kulalamika. Picha safi, kamera za kwenye magari unajichagulia, redio za madereva unazisikia wakinung'unika. Nikaiamini, na kosa langu ndilo hilo.

Brazil, basi, kwenye njia ya Interlagos. Jumamosi kwenye mbio fupi Oscar Piastri, mwenzake wa timu, akampisha Norris, pengo lake na Verstappen likashuka hadi pointi 44. Nilishangilia hadi nikaaibika. Mchana mvua ikavuruga mambo, mchujo wa kupanga nafasi ukasogezwa hadi Jumapili asubuhi, na mbio zenyewe zikawahishwa kwa saa moja na nusu ili zisije zikakutwa na mvua kubwa zaidi na giza.

Sasa sikilizeni. Arifa ya mchujo ilikuja vizuri, kwa saa mpya. Niliamka, nikatazama zile bendera nyekundu tano, yaani mara tano waliposimamisha kila kitu, zote mpaka mwisho. Norris wa kwanza, Verstappen kwenye mstari wa kuanzia wa 17, na adhabu yake ya kubadilisha injini mgongoni. Mtu unataka nini tena? Arifa ya mbio nilishaiweka, na saa ilikuwa imeandikwa kwenye ukurasa wa mbele kwa herufi ambazo hata asiyevaa miwani angeziona. Nikaweka simu mbali, nikalala usingizi wa mtu asiyedaiwa.

Ilikuwa saa ya zamani. Ya mchujo walibadilisha, ya mbio wakaiacha.

Nilifungua dakika kama kumi kabla. Magari yamepangana kwenye njia ya piti, pale yanapohudumiwa, mafundi wamesimama, kila kitu kimelowa. Nikasema vizuri, bado hawajaanza. Nikajiweka sawa. Nikatupa jicho kwenye orodha ya pembeni: Ocon, Verstappen, Gasly. Nikacheka. Kweli nilicheka, nikidhani wamekosea hadi mpangilio wa kuanzia, maana Ocon na Gasly ni wa timu ya Alpine, na Alpine mbili kwenye tatu bora mwaka ule ungeniambia nisingekuelewa. Kisha nikaona hesabu ya mizunguko. Kati ya 69, zaidi ya 30 ilikuwa imeshakwenda.

Kumbe ilikuwa bendera nyekundu. Franco Colapinto alikuwa amegonga ukuta huku wakiwa nyuma ya gari la usalama, lile linalowaongoza polepole kukiwa na hatari, mbio zikasimamishwa. Na mtu niliyemwacha wa 17 alikuwa wa pili. Niliyemwacha wa kwanza nilimtafuta chini kidogo.

Kuna kitufe cha kuanza kutazama tangu mwanzo. Nikakibonyeza. Kikanipeleka kwenye mbio fupi za Jumamosi! Piastri anampisha Norris, tena. Nikarudi, nikabonyeza tena, Piastri akampisha tena. Mara ya tatu picha ikaganda kwenye kofia ya Piastri na kale kaduara kakaanza kuzunguka.

Nikaingia huduma kwa wateja, kwenye dirisha la kuchati. Nimejieleza kwa adabu, naapa. Nikajibiwa: "Ndugu mteja, ratiba za mbio hupangwa na waandaaji. Mteja anashauriwa kufuatilia vyanzo rasmi." Nikamwandikia, dada yangu, mimi chanzo changu ni ninyi, arifa ni yenu, saa ni yenu. Kimya. Halafu: "Je, umejaribu kuzima na kuwasha kifaa chako?" Nikauliza kuzima simu kutairudisha vipi mizunguko 30. Akanitakia siku njema, akafunga mazungumzo, na pale pale ikatokea karatasi ya kuniomba nimpe alama. Ucheleweshaji nauvumilia, kosa la mtambo nalivumilia. Ila kufungiwa mlango na mtu anayekutakia siku njema, hapana. Mpaka leo nikikumbuka ile "siku njema" sikio linapata moto.

Najua mtaniambia shabiki wa kweli angejua saa imebadilika, kila mahali ilitangazwa. Ni kweli. Nami nasema, basi msiniuzie arifa.

Sasa ile nyota ya pili. Kwa hasira nilifungua kamera ya Verstappen, niseme tu nilitaka kumwona akiteleza. Magari yakaanza tena, kidogo Carlos Sainz akagonga, gari la usalama likatoka. Mzunguko wa 43 wakaachiwa. Kutoka ndani ya gari lile, kwenye maji yale, unaona taa nyekundu ya Ocon tu na moshi wa maji, halafu jamaa anajitosa ndani kwenye kona ya kwanza kana kwamba lami ni kavu. Kona hiyohiyo Norris akatoka nje ya njia. Nilipiga kelele mara mbili, na siwezi kuwaambia ipi ilikuwa ya uchungu. Baada ya hapo Verstappen alikimbia peke yake, akamaliza zaidi ya sekunde 19 mbele. Picha haikuganda hata mara moja. Sijawahi kuona dereva akiendesha hivyo, na nimeonyeshwa na watu hawahawa ninaowatukana hapa.

Watasema alibahatika kubadilisha tairi bure, bila kupoteza muda, wakati wa bendera nyekundu, na wenzake walioingia piti mapema wakaumia. Mimi mwenyewe nililisema kwa wiki nzima. Ocon na Gasly nao walipata bahati hiyohiyo, mbona hawakumfikia.

Na nikifikiri vizuri, nilichokosa ni nini? Ni Verstappen akipanda kutoka 17, na mtu wangu akishuka. Pengo liliondoka 44 likafika 62. Pengine walinihurumia. Nilipotaka kutazama marudio kesho yake nikiwa nimetulia, picha ya jalada ilikuwa Verstappen juu ya jukwaa, bila aibu, kwa yeyote ambaye hajaona. Nyota ya pili naiacha, lakini naiangalia kwa jicho baya.

Malipo niliyasitisha, programu nikaifuta kwenye simu, ila barua pepe nilisahau kujiondoa. Wikiendi ya Las Vegas arifa ilikuja mara tatu: siku moja kabla, saa moja kabla, dakika kumi na tano kabla. Saa sahihi kabisa. Verstappen akamaliza wa tano, Norris wa sita, ubingwa wa nne ukaenda kwa Verstappen. Hiyo hawakuikosea hata dakika.