Aksesi pointi za mtumba bila kontrola: anza na ipi?

Ofisi zinapobadilisha mitandao, aksesi pointi zao za zamani (vifaa vinavyorusha Wi-Fi) huuzwa kwa bei ya kutupa, na redio zake bado zinaweza kuzishinda baadhi ya ruta mpya za nyumbani. Shida ni kwamba nyingi zilitengenezwa kutii kontrola, yaani kifaa kikuu kinachoziongoza zote. Isipokuwepo, zinawasha taa na kusubiri. Dawa ni kuziwekea programu dhibiti inayojitegemea. Kabla ya kulipa, omba picha ya kibandiko cha nyuma. Herufi zilizopo pale zina uzito kuliko idadi ya antena.

1. Ruckus R710, au R510 kama bajeti ni ndogo. Hapa sisiti. R710 ni ya Wi-Fi 5 wimbi la pili (toleo lake la baadaye), mikondo minne ya data kwa wakati mmoja, na programu yake ya Unleashed huifanya moja iongoze wenzake. Yenye namba ya modeli kwenye kibandiko inayoanza na 9U1 imekuja na Unleashed tayari. Ya 901 utaibadilisha mwenyewe, na haichukui muda. Irudishe kwenye mipangilio ya kiwandani, ipe kompyuta yako anwani ya 192.168.0.10, fungua 192.168.0.1 kwenye kivinjari, ingia kwa jina super na nywila sp-admin, kisha pakia faili la Unleashed la modeli hiyohiyo. Usizime umeme mpaka imalize. Ikiwaka upya, utaona mtandao unaoanza na Configure.Me, na hapo kazi imekwisha. Namba ikiishia na US00, ujue imefungwa kwenye kanuni za chaneli za Marekani.

2. Aruba, lakini iwe IAP. IAP-305, IAP-315 na IAP-325 huja na Instant, programu ya kujiongoza bila kontrola, ndani: unachomeka, unasanidi. Mtego uko kwenye herufi moja. AP-315 isiyo na I mbele huuzwa bei ya chini kwa sababu inatafuta kontrola. Kuigeuza kunawezekana, ila kunataka kebo ya konsoli (ya kuingia kwenye kifaa moja kwa moja kutoka kompyuta) na kuandika upya msimbo wa nchi, ambao hukokotolewa pamoja na namba ya serial ya kifaa chenyewe. Mimi nilishanunua mbili za namna hiyo kwa tamaa ya bei, na jioni nzima ikaishia hapo. Lipa zaidi kidogo upate IAP.

3. Cisco 2700 na 3700. Chuma kigumu kweli. Faili la programu dhibiti lenye k9w8 kwenye jina ni la kontrola; unalolitaka ni la k9w7, linalojitegemea. Unaweka faili kwenye seva ya TFTP (programu ya kugawa mafaili kwenye mtandao) yenye anwani 10.0.0.2, unashikilia kitufe cha Mode wakati wa kuwasha mpaka taa iwe nyekundu, nayo inalivuta faili yenyewe. Ila faili hilo hutolewa kwa wenye mkataba, na kila moja unaisanidi peke yake. Kwa aksesi pointi moja sawa. Kwa tano, 1850 au 2800 zenye Mobility Express, ambayo huifanya moja iongoze wenzake, ni afadhali sana.

4. Meraki. Leseni ikiisha, inaacha kurusha mtandao. Nunua tu kama modeli hiyo inakubali OpenWrt (programu dhibiti huria) na uko tayari kufungua kasha.

Umeme nao upigie hesabu. Vifaa hivi hupata umeme kupitia kebo ya mtandao. Swichi ya kiwango cha 802.3af hutoa wati 15.4 kwa kila mlango, na hapo 3700 hushuka kutoka mikondo minne hadi mitatu. Kwa 3700 na R710, tafuta injekta (kifaa cha kuingiza umeme kwenye kebo ya mtandao) ya 802.3at, yenye wati 30.