Uzoefu wangu: kuskani picha ya babu aliyekuwa Keya

Nilipeleka picha ya babu yetu aliyekuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles, jeshi la Mwingereza Afrika Mashariki, kwenye studio moja ya Mji Mkongwe inayoskani na kusafisha picha kongwe. Bei ilikuwa shilingi 15,000, na kazi yao naisifu, ila wenye picha za wazee waliokuwa askari wana jambo la kuangalia.

Picha iliyosafishwa ilitoka nzuri mno. Shangazi alipoiona Wete alitokwa na machozi, maana uso ulikuwa umeliwa na unyevu na sasa unaonekana. Lakini sare ilikuwa imeharibika. Programu ilikidhania kiraka cha begani kuwa doa, ikakifuta, na beji ya kofia ikageuka ukungu mtupu. Nikaomba skani ghafi ya nukta 1200 kwa inchi. Alhamdulillah, kijana wa studio alikuwa hajaifuta. Akanitilia kwenye flashi bila kuniongezea bei.

Humo ndimo yalimokuwa mambo. Nyumbani tuliambiwa siku zote kuwa babu alipigana vita vya Mjerumani, vile vya 1914 hadi 1918. Keya wa vita vile walivaa kofia za jamii ya tarbushi zilizofunikwa kitambaa cha kaki, na askari wa Mjerumani nao tarbushi yenye beji ya tai. Babu amevaa kofia pana, ukingo mmoja umekunjwa juu. Hiyo ni ya vita vya pili. Beji yake ni baragumu, alama ya King's African Rifles. Begani kuna kiduara chenye kichwa cha kifaru: Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyoundwa 1943, ikapigana Bama (Burma, sasa Myanmar) katika bonde la Kabaw wakati wa masika ya huko 1944, kisha ikavuka mto Chindwin mwezi wa Desemba. Mkononi ana tepe mbili, kwa hiyo alikuwa koplo. Namba ya batalioni haisomeki.

Kwangu mimi kiraka kile kina thamani kuliko uso uliolainishwa. Basi mkienda, dai faili ghafi kwanza, kusafisha kufuate, na waambie waskani na mgongo wa picha, kwani huko ndiko wapiga picha wa zamani walikogonga mihuri yao. Mimi yangu naipeleka Nyaraka za Taifa za Zanzibar, Kilimani, nikatafute jina lake.