Filta ya koni ya 55,000 na bomba la PVC la 18,500 kwenye Corolla 110: nilichopima

Kitonga, ule mlima wa njia ya Iringa, ndiyo iliyonifanya nianze kuichokonoa njia ya hewa ya gari langu. Mimi ni fundi ujenzi wa Morogoro, na mwaka huu kazi zangu nyingi ziko Iringa. Gari ni Corolla 110, injini 5A-FE, cc 1,498, gia za mkono. Nikiwa na kijana wangu wa kazi, vifaa na mabegi yetu, tukifika Ruaha Mbuyuni joto limeshakolea, halafu mlima unaanza na mbele yetu kuna semi limejaa linatambaa. Hapo gari linakuwa zito kana kwamba limefungwa kamba nyuma.

Nikaenda Kariakoo. Duka silitaji. Muuzaji akanitolea filta ya hewa ya koni, ile nyekundu yenye kifuniko cha kromi, akaniambia, "Kaka, ukifunga hii gari inapumua yenyewe, na mafuta utaona yanapungua." Nililipa shilingi 55,000. Fundi aliyekuwa nje ya duka akang'oa boksi zima la ea klina, lile la kiwandani linaloshika filta, akaifunga koni kwenye mpira wa hewa kwa klampu, dakika 20 kazi ikaisha. Kwenye boksi la 110 kuna sensa ndogo ya joto la hewa. Hiyo aliiacha inaning'inia kwenye waya wake, karibu na injini. Wakati ule sikujua maana yake.

Sauti ilibadilika mara moja, na ni sauti nzuri, sikatai. Ukikanyaga mafuta unasikia injini inavuta. Kwa siku mbili tatu niliamini kabisa gari limeongezeka nguvu. Kisha tukapanda Kitonga, na katikati ya mlima likawa zito kuliko zamani.

Nilitaka kujua kwa namba. Sisi wajenzi tunapiga levo kwa mpira wa maji, ule mwembamba unaoonyesha ndani. Mpira huohuo unaweza kupima jinsi injini inavyohangaika kuvuta hewa. Ukunje uwe kama herufi U, utie maji hadi nusu, mwisho mmoja uuache wazi na mwingine uuchomeke baada ya filta. Kwenye 110 pana mahali tayari, ule mdomo mdogo kwenye mpira wa hewa unaopokea kimpira kinachotoka kwenye kifuniko cha vali. Nilikichomoa hicho, nikaziba upande wa injini kwa muda wa kipimo tu, nikachomeka mpira wangu. Injini ikivuta, maji yanapanda upande mmoja na kushuka upande mwingine. Tofauti ya vimo viwili, kwa sentimita, ndiyo kizuizi chako. U iwe ndefu, mita moja kwenda juu kila upande, maana maji yakivutwa hadi ndani ya injini umejitafutia balaa. Nilitia rangi ya chakula ili yaonekane vizuri, kijana akakaa kiti cha abiria na simu inarekodi, tukatoka alfajiri barabara ya Mzumbe ikiwa tupu. Gia ya pili, mafuta hadi mwisho, mpaka mizunguko 5,000 kwa dakika.

Boksi la kiwandani na filta yangu ya karatasi iliyochakaa: sentimita 34. Boksi lilelile na filta mpya ya karatasi ya 15,000: sentimita 21. Koni: sentimita 13.

Kwa hiyo muuzaji hakudanganya kwamba koni inapitisha hewa kirahisi. Shida ni ukubwa wa faida yenyewe. Hewa ya usawa wa bahari inaweza kuinua maji kiasi cha sentimita 1,033. Ukipunguza sentimita 10 umepata takriban asilimia moja tu ya hewa, na hiyo ni pale unapokanyaga mafuta hadi mwisho. Ukiendesha taratibu, kizuizi kikubwa ni kile kipepeo cha throtali, ambacho wewe mwenyewe umekifunga kwa mguu wako. Ndiyo maana ulaji wa mafuta haukusogea kwangu. Kabla ya koni nilipata kilometa 12 na ushei kwa lita, na baada yake ikawa vilevile.

Joto ndilo lenye uzito. Nilifunga kipimajoto cha waya, kile wanachotumia kwenye friji za dukani, karibu na mdomo wa koni. Kitonga, nyuma ya semi, nje nyuzi 33, kilisoma 68. Koni ilikuwa inavuta hewa iliyopikwa na rejeta na ekzosti. Hewa ya moto ni nyepesi, kila silinda inapata kidogo. Halafu ile sensa inayoning'inia inaiambia kompyuta kuwa hewa ni ya moto, nayo inapunguza petroli. Na bado mlima wenyewe unakudai: ukifika Iringa, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hewa imeshapungua karibu asilimia 17 bila mtu kuikosea. Huwezi kumwongezea mzigo mtu ambaye tayari anapanda mlima.

Wiki ya tatu nilifungua klampu, nikapitisha kidole ndani ya mpira wa hewa, baada ya filta. Kilitoka na vumbi jekundu, laini kama unga wa muhogo. Hilo lilinikasirisha kuliko nguvu zote zilizopotea, kwa sababu vumbi hilo linasaga ringi na kuta za silinda kila dakika. Tunapita barabara za vumbi kwenda saiti. Filta ya karatasi nzuri inalishika, koni hii niliyouziwa hailishiki. Niliing'oa siku hiyohiyo.

Sasa bomba. Nilirudisha boksi la kiwandani na filta mpya ya karatasi, sensa ikarudi mahali pake, kisha kazi yote nikaifanya kabla ya filta. Hili nalisisitiza kwa yeyote atakayejaribu: bomba likipasuka kabla ya filta, unachovuta bado kinachujwa. Likipasuka baada ya filta, unakula vumbi na hujui. Nilikata PVC ya milimita 63, kutoka mdomo wa boksi hadi nyuma ya grili, juu usawa wa taa, mahali hewa ya nje inapofika kabla haijagusa rejeta. Kuunganisha bomba na boksi nilitumia kipande cha tyubu ya pikipiki na klampu mbili. Nikazungusha tepu ya foili kwenye sehemu inayopita karibu na rejeta, maana PVC hulegea joto likikaribia nyuzi 80. Usiipitishe jirani na ekzosti hata kidogo.

Mdomo wa mbele ndio niliotumia muda mwingi, na ndio ninaoupenda. Bomba lililokatwa kwa msumeno likaachwa hivyo lina ukingo mkali, na hewa ikiingia inajikunja na kugombana pale mlangoni. Sisi tunapounganisha mabomba bila soketi, tunalipasha bomba moto kwenye jiko la mkaa tukalipanua. Nilifanya hivyohivyo, polepole, nikilizungusha juu ya makaa mpaka likalainika, nikalisukuma juu ya kitako cha chupa, nikalikunja ukingo kwa nje kwa mkono wenye glovu mpaka likawa kama tarumbeta. Likipoa linabaki hivyo. Ndani nikapiga msasa, namba 240 kisha 400, nikaondoa na mshono wa plastiki kwenye mdomo wa boksi. Tarumbeta peke yake ilipunguza sentimita 2 kwenye mpira wa levo. Nililipima mara tatu, nikapata jibu lilelile.

Jumla na filta mpya: sentimita 15. Koni ilikuwa 13. Tofauti yao ni sehemu mbili za elfu ya hewa, hakuna mguu wa binadamu unaoweza kuisikia. Lakini safari iliyofuata Kitonga, nyuma ya semi, joto la nje lilelile 33, kipimajoto ndani ya boksi kilisoma 41. Kutoka 68 hadi 41 ni hewa nzito zaidi kwa asilimia 8 hivi. Hiyo niliisikia. Pale nilipokuwa narudi gia ya kwanza, sasa ya pili inanifikisha.

Gharama: bomba 6,000, klampu 5,000, tepu ya foili 4,000, msasa 2,000, tyubu 1,500. Filta ya karatasi ni juu ya hapo, na hata usipofanya kingine chochote, anza na hiyo. Ndiyo iliyonishusha kutoka 34 hadi 21.

Nilijaribu pia ile feni ya bati inayochomekwa ndani ya mpira wa hewa, wanayosema inazungusha hewa iingie kwa kasi. Iliongeza kizuizi kwa sentimita 6. Na iko baada ya filta, bapa lake likikatika linaelekea kwenye vali. Ilikaa asubuhi moja. Lile boksi la plastiki la kutuliza sauti, lililojificha kwenye fenda, sikuligusa.

Kuna wanaoshusha bomba hadi chini ya bampa kutafuta hewa baridi zaidi. Wenye kupita Jangwani, Dar es Salaam, wakati wa masika wasifanye hivyo kabisa. Maji hayabonyei kama hewa, yakiingia kwenye silinda, koni rodi (mkono unaoshika pistoni) inapinda, na injini ndiyo hiyo imekwenda.

Kasoro ya bomba langu ni moja. Kuanzia kilometa 90 kwa saa linapiga mluzi mwembamba, nadhani ni pale tyubu inapokutana na boksi. Jumamosi nitaifungua, niweke kipande kirefu zaidi na kukaza upya.