FBP ya mtoto wa Pongwe: uzoefu wangu na mashine hii

Hii mashine ya FBP, yaani ya kuhesabu chembe za damu, niliinunulia maabara yangu ndogo hapa Ngamiani, Tanga, kama mwaka jana hivi, kabla ya Ramadhani. Bei na uzito wake ulizeni muuzaji. Mimi nina la yule mtoto.

Mama yake alimleta kutoka Pongwe. Anacheza, ngozi safi, hana hata doa. Mashine ikatoa plateleti, zile chembe ndogo za kugandisha damu, 31,000, wakati kawaida inaanzia 150,000! Mama akanisoma usoni kabla sijasema neno, akakaa chini sakafuni. Nikarudia: 28,000. Nikampigia fundi wa waliotuuzia. Akanijibu, "Dada, mashine haikosei. Nyie wa mikoani hamjui kutoa damu." Akakata simu.

Nikapaka slaidi, nikaiweka kwenye hadubini. Ukingoni plateleti zimeshikana mafungu mafungu, kama tende zilizogandana. Sasa, mashine hii huizimua damu kwa maji ya chumvi na kuipitisha kwenye kitundu chembamba chenye umeme. Kila chembe ikipita huuzuia umeme kidogo. Kubwa huuzuia zaidi, na hapo ndipo mashine inapojua ukubwa. Plateleti moja ni mikromita 2 au 3 tu. Zikishikana ishirini, mashine haizitambui tena kuwa plateleti. Kuna watu wachache ambao EDTA, ile dawa ya kuzuia damu kuganda iliyo kwenye kichupa cha kofia ya zambarau, huwashikanishia plateleti hivyo. Nikamtoa mtoto damu upya kwenye kichupa cha bluu, cha sitrati, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, nikazidisha jibu kwa 1.1 kufidia maji ya sitrati. 212,000! Mama akalia kuliko mwanzo.

Nilitaka kuwaambia msiinunue kabisa. Lakini haki isemwe, tangu siku ile imepima watu wengi na majibu yanalingana na slaidi zangu. Njia yenyewe haina ubaya, Wallace Coulter alipewa hataza yake Marekani tangu 1953. Basi nyota nne.

Hapana. Namba kama ile ilitoka peke yake, bila hata alama ya onyo pembeni! Ningeiamini, mtoto mzima angelazwa, mama angeuza mbuzi wake kwa nauli na dawa. Na yule fundi mpaka leo hajapiga simu kuuliza mtoto aliishia wapi. Nyota mbili, na hizo ni za mashine, yeye simpi kitu.

Anayetaka kuinunua apite kwangu kwanza. Ile slaidi bado ninayo.