Fluo-4 AM: rangi niliyoilaumu bure

Ni rangi ya kupimia kalsiamu ndani ya seli hai. Nimeitumia miezi minane kwenye seli T (chembe nyeupe za damu za kinga ya mwili), hapa maabara kwetu Dar. Kisanduku kina vichupa 10, kila kimoja mikrogramu 50, na ukikitazama utaapa umeuziwa chupa tupu. Usitupe! Rangi imegandia ukutani mwa kichupa. Kizungushe kidogo kwenye sentrifuji ndipo utie DMSO, kiyeyushi chake.

Hiyo AM, kipande cha kemikali kilichoungwa kwenye rangi, ndiyo inayoipitisha rangi kwenye utando wa seli. Vimeng'enya vya ndani vikishaikata, rangi imenaswa humo, na kila inaposhika kalsiamu inawaka kijani. Seli T iliyotulia ina kalsiamu kama nanomola 100 tu, ilhali nje ipo milimola 1 hadi 2, zaidi ya mara 10,000. Ikiamshwa, mlango uitwao ORAI1 unafunguka, kalsiamu inamiminika ndani, kimeng'enya kalsinyurini kinashtuka na kuituma protini NFAT kwenye kiini kuwasha jeni za mapambano. Mgonjwa aliyepandikizwa figo akipewa saiklosporini, dawa ya kutuliza kinga, ni hapo kwenye kalsinyurini panapozibwa. Sasa tia ionomisini, kemikali inayoipitisha kalsiamu kwenye utando, uone mstari wa mwanga wa rangi unavyopanda kwenye skrini. Mimi bado huwa naita wenzangu waje watazame.

Wiki ya kwanza lakini, mstari uliinuka kiduchu ukalala. Mzigo ulikuwa umefika barafu kavu imekwisha, basi nikamwandikia wakala barua ya moto. Kumbe kosa letu: seli tuliziweka kwenye PBS ya kawaida (maji ya chumvi yenye fosfeti), haina kalsiamu hata chembe! Kile kiduchu kilikuwa akiba ya ndani ya seli. Nje hapakuwa na cha kuingia. Tukahamia bafa ya HEPES (mmumunyo wa kutuliza asidi, usio na fosfeti) yenye kloridi ya kalsiamu milimola 2 (usiitie kwenye PBS, itashikana na fosfeti igande), mstari ukapaa.

Na maji nayo msiyachezee. Mwanafunzi wa mazoezi aliona ujazo umepungua, akajazia maji yaliyotoneshwa, yasiyo na chumvi. Seli zikanywa, zikavimba, zikapasuka. Asubuhi nzima tukapima mabaki.

Kasoro zipo. Rangi hii inakwambia kalsiamu imepanda, haikwambii imefika ngapi. Ukitaka kiasi chenyewe, rangi nyingine, Fura-2, inasomwa kwa mawimbi mawili ya mwanga na hapo inaishinda, mradi mashine yako ina mwanga wa urujuanimno. Yetu haina. Halafu kwenye nyuzi 37 inavuja taratibu kutoka kwenye seli, kwa hiyo ukishaitia kwenye seli usiende kunywa chai. Kichupa kilichokwisha kuyeyushwa ukikigandisha na kukiyeyusha tena na tena, kinachoka. Mimi hufungua kimoja kwa siku, cha siku hiyo.

Nyota 4. Wakala nilimwomba radhi. Akanijibu kwa adabu kabisa, na orodha ya bei mpya ameambatanisha.