Picha ya mandhari ya kijijini: ipi ununue kwa sebule ya Mtwara au Lindi?

Pesa ya korosho ikishaingia, wengi hununua sofa kwanza, halafu ukuta ulio juu yake unaanza kuonekana mtupu. Picha inayopendwa ni ile tulivu: mikorosho, njia ya mchanga, watu wadogo kwa mbali. Kwetu pwani, kabla ya kuuliza bei, fikiria chumvi na unyevu.

Namba moja naipa picha iliyochorwa kwa mkono kwa rangi ya akriliki (rangi ya plastiki inayochanganywa na maji) kwenye kanvasi, yaani kitambaa kigumu kilichokazwa kwenye fremu. Hukauka upesi, haihitaji kioo, na kanvasi ikilegea fundi anaikaza tena. Ila wachunguze wale watu wadogo, maana hapo ndipo uzembe wa mchoraji unapojulikana. Mama mwenye ndoo kichwani anaweza kuwa mipigo minne tu ya brashi, lakini shingo iwe imenyooka, miguu iguse ardhi, na kivuli chake kilalie upande uleule wa kivuli cha mkorosho. Vivuli vikipingana, iache. Na mtu akichorwa mkubwa mno, macho yanamng'ang'ania yeye, shamba linapotea.

Ya pili ni Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, hukuhuku Kusini, aliuanzisha mtindo huu Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, akitumia hadibodi na rangi za baiskeli. Rangi hiyo ni ngumu, vumbi unalifuta kwa kitambaa kibichi. Nyingi ni za wanyama, kwa hiyo omba zenye maisha ya kijiji. Hadibodi isiyopakwa rangi nyuma hunyonya unyevu na kupinda; ipake nyuma na kingoni kabla ya kuitundika.

Ya tatu, kanvasi iliyochapwa kwa mashine. Ni nafuu, lakini jua la dirishani huififisha, na nyingi zina mashamba ya Ulaya wakati vilima vya mawe vya Masasi vinapendeza mno. Sogeza jicho karibu: ukiona vidoa vidogo vilivyopangana, imechapwa, usilipe bei ya mchoro wa mkono.

Karatasi ndani ya kioo naiweka mwisho. Unyevu hunaswa humo, ukungu unafuata.

Upana uwe kama theluthi mbili za sofa. Tundika kwa skrubu za shaba, kwani misumari ya kawaida hushika kutu na kuchafua ukuta, na gundisha vipande vya mpira wa ndala kwenye pembe za chini, nyuma, ili hewa ipite.