Hema la watu wanne na watoto wawili wadogo: uzoefu wangu baada ya siku mbili Kolo

Hema hili nililinunua mwezi Machi kwa shilingi 165,000, hapa hapa Dodoma mjini. Ni lile la duara, lenye fito mbili za faiba zinazopishana juu, kitambaa cha ndani chenye wavu wa mbu, na kitambaa cha pili cha kuzuia mvua. Mfuko wake umeandikwa watu wanne. Na sisi tuko wanne: mimi, baba watoto, binti wa miaka 6 na mdogo wake wa miaka 3. Muuzaji akaniambia, "Mama, hapo mnalala na nafasi inabaki." Nikalipa.

Naandika kwa ajili ya wazazi wenzangu wenye watoto wa umri huo, maana maelezo mengi ya mahema niliyoyakuta yanahusu vijana wanaopanda milima, na mahitaji yao si yetu.

Kwanza, tuliliweka uani kwetu Jumamosi mbili kabla ya safari. Hili ndilo jambo lililotusaidia kuliko yote. Watoto walilala humo mchana, wakala humo, wakafungua na kufunga zipu mpaka nikaogopa itakatika. Tulipofika porini, mdogo hakuogopa hata kidogo. Aliingia kama anayeingia chumbani kwake, akauliza tu shuka lake liko wapi.

Tulikwenda Kolo, kwenye michoro ya kale ya miambani huko Kondoa, sikukuu ya Muungano, mwisho wa Aprili. Huku kwetu mvua ni msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na wiki zile za mwisho ndizo nzuri kuliko zote za mwaka kwa kutoka na watoto. Nchi ya Ugogo ambayo wageni wanaijua kwa vumbi inakuwa kijani kabisa. Mibuyu ina majani, vijito vina maji, na mashamba ya alizeti pembeni ya barabara ya Kondoa yalikuwa yamechanua. Tulisimama mara mbili kwa sababu watoto walitaka kuyaona kwa karibu. Barabara ni lami tupu mpaka Babati, kwa hiyo hakuna sababu ya kuogopa safari. Ukipita Kondoa mjini unaendelea kidogo kaskazini, unafika Kolo, kwenye ofisi ya Mambo ya Kale. Hapo unaandikishwa na kupewa mwongozaji. Kambi iko chini ya miti, karibu na mto. Usitegemee duka wala bomba. Tulibeba madumu mawili ya lita 20, mtungi mdogo wa gesi na poti ya mtoto. Poti msiisahau.

Kulisimamisha ni dakika kama kumi kwa watu wawili, na hapa nalisifu kwa moyo wote. Tulifika jua likielekea kuzama, mdogo ana njaa na analia, na kabla uji haujachemka nyumba ilikuwa imesimama. Mwenye hema la fito nyingi asingeweza.

Ila vigingi vyake havifai. Ni vyembamba kama spoku ya baiskeli, na udongo wa huku ukishaanza kukauka unakuwa mgumu kama tofali. Vinne vilipinda kwa kugongwa tu. Tukafunga kamba kwenye mawe makubwa, usiku wa kwanza ukapita hivyo. Sakafu nayo ni nyepesi. Chini ya migunga miba haikosekani, kwa hiyo fagieni kwanza halafu tandikeni turubai. Turubai lisizidi ukubwa wa hema, lisije likakinga maji ya mvua na kuyaingiza chini yenu.

Kuhusu nafasi: hema la watu wanne ni la watu watatu. Mtoto wa miaka 3 hachukui nafasi ya nusu mtu kama nilivyodhani. Anazunguka usiku kucha. Saa nane nilimkuta kichwa kiko miguuni kwa baba yake na mabegi yamesukumwa mpaka yanagusa kitambaa. Mabegi yalirudi kwenye gari, ndipo tukapumua. Kama mko watano, nunueni la watu sita au saba.

Asubuhi nikakuta kuta za ndani zimelowa na shuka la binti lina unyevu. Nilidhani limevuja, kumbe hapakuwa na tone la mvua. Ni pumzi zetu wenyewe. Watu wanne wanapumua usiku kucha, hewa ya moto yenye mvuke inagusa kitambaa kilichopoa na kugeuka matone. Kosa lilikuwa langu: kwa kuogopea watoto baridi nilifunga kila kidirisha. Usiku wa pili niliacha vile viwili vya juu wazi, wavu umefungwa, watoto nikawavalisha sweta na soksi. Kuta zikabaki kavu. Mbu hakuingia hata mmoja siku zote mbili, na kwangu hilo lina uzito kuliko rangi au umbo.

Mchana tulipanda kuona michoro. Miamba ya Kondoa imo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2006, na mapango yenye michoro ni zaidi ya 150, ila kwa miguu midogo Kolo inatosha. Njia ya mwisho ni ya kupanda mawe. Mdogo alibebwa mgongoni kwa kanga, binti alipanda mwenyewe, akampita hata baba yake. Alipoona twiga na watu wembamba warefu waliochorwa kwa rangi nyekundu, aliuliza kwa sauti kubwa, "Nani aliwaruhusu kuchora ukutani?" Nyumbani ameshagombezwa kwa kosa hilo hilo. Mzee aliyetuongoza, ambaye watoto walikwishamwamkia shikamoo babu, alichuchumaa akamweleza kwamba waliochora waliishi hapa kwa kuwinda, zamani sana, na kwamba hadi leo wazee wa Kirangi hufika kwenye miamba ile kuomba mvua. Binti alinyamaza, akarudisha mikono nyuma ili asiguse. Sijamwona akisikiliza hivyo shuleni wala nyumbani.

Usiku ule mvua ikanyesha. Haikuwa kubwa, labda ya mwisho ya msimu, lakini ilidumu kama saa nzima. Kitambaa cha juu kilihimili vizuri. Kilichoshindwa ni mshono mmoja wa kona, upande wa miguuni, pale utepe wa ndani ulipokuwa umebandikwa vibaya. Maji yaliingia tone moja moja, nikaweka sufuria ya uji chini yake. Watoto hawakuamka. Mimi nililala nimeweka mkono sakafuni kupima kama maji yanasambaa, na hayakusambaa.

Kwa jumla hema hili nalipatia alama 7 kati ya 10. Kwa kusimama haraka na kwa wavu wake ningelinunua tena, lakini si kwa kuamini maandishi ya kwenye mfuko. Kagueni mishono dukani: litandazwe, mpitishe kidole kwenye utepe wote. Muuzaji akikataa kulifungua, ondokeni.

Tuliporudi nililianika uani siku mbili, kwa sababu hema likikunjwa na unyevu linaota ukungu, na ile harufu haitoki. Fundi wa kuchomelea ametukatia vigingi 12 vya nondo ya milimita 8, vyenye kichwa kilichopindwa, na vinaingia udongo wowote. Mshono wa kona nimeusugua kwa mshumaa pande zote mbili. Najua ni dawa ya muda, lakini jana nimeumwagia ndoo tatu za maji na ndani pamebaki pakavu. Likizo ya Juni tunarudi, safari hii na mablanketi mazito, maana kipupwe cha Dodoma hakichezewi.